Tokeni ya Msimu Mzima

Mtu akiniuliza nilisomea wapi mambo ya kompyuta huwa namjibu vibaya, kwa sababu najua anachotafuta. Anataka niseme sikusoma, halafu aseme "aaa" kwa sauti ile ndefu. Haya, sikusoma. Nilikuwa nachapa kadi za harusi kwenye duka la fotokopi Mbinga mjini, nyuma ya stendi, na mengi ninayojua kuhusu usalama wa mifumo niliyajua pale kwanza, kabla ya video yoyote.

Kadi ya harusi ni kitu cha ajabu ukiiangalia vizuri. Umechanga, kamati imekupa kadi. Siku ya sherehe vijana wa mlangoni hawakuulizi jina, hawakuulizi ulichanga lini, hawampigii simu mweka hazina. Wanaangalia muhuri, wanaangalia kama ni ya mtu mmoja au ya wawili, wanaitoboa, unaingia unakula. Foleni inakwenda. Na ubaya wake uko hapohapo: anayekula ni mwenye kadi mkononi, siyo mwenye jina. Nimeona kadi ikipitishwa dirishani kumfuata shemeji aliyebaki nje. Nimeona baba mzima na suti yake anabembeleza mlangoni, kadi yake ameshaingia nayo mtu mwingine, na ndani anasikia sahani zinavyogongana.

Basi siku nilipokutana na tokeni, nilicheka peke yangu dukani mpaka mteja akaniuliza nina nini. Ilikuwa kadi ileile! Unaweka namba ya simu na namba ya siri mara moja tu. Seva, ile kompyuta ya upande wa pili, inakukubali, inakupa tokeni, yaani kimaandishi kirefu kisichosomeka, kimepigwa muhuri ambao seva peke yake ndiyo inajua kuupiga. Simu yako inakitunza. Kuanzia hapo, kila unachotuma, simu inaonyesha kadi. Seva inaangalia muhuri, basi. Haikuulizi tena wewe nani.

Nilikuwa sijawahi kufurahi vile. Nikaanza kutengeneza.

Aliyenipa kazi ya kwanza ni dada yangu. Siyo dada wa kusema tu dada. Tumbo moja, yeye wa kwanza, mimi wa mwisho, na mama alipotangulia ni yeye aliyenibeba mgongoni akienda kulima ngoro, yale mashimo yetu ya kuzuia maji, kwenye mteremko ambao mbuzi anafikiria mara mbili. Akaolewa na Mnyasa, kijana wa Kihagara kule ziwani, lakini wakabaki huku juu kwa sababu baba alimkatia dada kipande cha kahawa. Alikuwa karani wa mizani kwenye kikundi cha wakulima pale kijijini. Watu wanaleta kahawa mbivu mtamboni kabla haijamenywa, yeye anaiangalia, anachambua kiganjani, anapima, anaandika: hii daraja la kwanza, hii la pili. Daraja la kwanza linakwenda kwenye fungu la mnunuzi maalumu. La pili linakwenda na kahawa ya watu wote. Kwa hiyo karani pale ana maneno mazito kuliko padri, na hakuna aliyewahi kusema dada yangu amempendelea mtu. Hata mume wake, dada alimrudishia debe zima siku moja mbele ya watu. "Hii imejaa mbichi, baba watoto, kachambue." Shemeji aliondoka na debe lake kichwani akicheka kwa aibu.

Ndiye aliyesimama kwenye mkutano akasema, "Mdogo wangu anaweza kutuwekea haya mambo kwenye simu. Mimi ndiye namjua."

Mimi ndiye namjua. Hayo maneno ninayo mpaka leo.

Nilipanda na laptopu yangu iliyopasuka kona. Tukakaa kwenye mabenchi ya kigango, kanisa letu dogo la kijijini, mimi mbele, nikawaelezea tokeni kwa kadi ya harusi, na walielewa! Wazee kabisa walielewa. Bibi mmoja akasema, "Kwa hiyo simu ndiyo inashika kadi, mimi nakula tu." Tukacheka wote. Nikasema sasa tukubaliane jambo moja, kadi idumu muda gani? Mimi nataka siku moja. Kila asubuhi karani na makarani wasaidizi waweke namba ya siri upya, wapewe tokeni mpya, jioni inakufa. Simu ikipotea, ikiibiwa, ikichezewa, hasara ni ya siku moja.

Mwenyekiti akainua mkono. Mwenyekiti wetu ni mtu wa maneno matamu, hakuna mtu anaweza kukukatalia kitu vizuri kama yeye.

"Kijana wetu, ahsante sana. Lakini mtandao huku uko wapi?"

Kila mtu alijua uko wapi. Uko juu, nyuma ya kigango, pale penye msalaba. Ukishuka mtamboni simu inakuwa redio. Rekodi zenyewe hazikuwa na shida, nilizitengeneza zikae kwenye simu mpaka ipate mtandao. Ila tokeni mpya lazima uipandie kileleni.

"Kwa hiyo," akasema, "unataka mama zetu wapande msalabani kila siku ya Mungu kama Ijumaa Kuu?"

Kigango kizima kilicheka. Na dada yangu naye alicheka, akasema, "Mdogo wangu, na mimi nina kahawa yangu ya kuchuma, jamani."

Wakataka tokeni ya msimu mzima. Unaingia kahawa inapoanza kuiva, unatoka ikiisha. Nikabisha. Nikabisha sana, mpaka nikapandisha sauti na mzee mmoja akaniambia, "Kaa chini kwanza, unapumua kama ng'ombe." Nikakaa. Nikasema sawa, basi kila mwenye kuandika afunge simu yake, aweke alama ya siri kwenye kioo.

Halafu mama mmoja nyuma akauliza, taratibu kabisa, "Simu ya kufungwa ina nini ndani?"

Mtu ambaye hajakaa huku hawezi kulielewa swali lile. Kwetu simu haifungwi. Jirani akitaka kupiga, anachukua. Mtoto wa jirani akitaka kusikiliza nyimbo za kwaya, anachukua. Chaji tunachajia sehemu moja, kwa mwenyekiti, mwenye sola kubwa, simu zote za mtaa ziko kwenye beseni moja sebuleni kwake kama viazi. Mwanamke mwenye simu ya kufunga, kesho yake mume anaulizwa na wenzake. Mwanaume mwenye simu ya kufunga ana mwanamke Songea. Nilimwangalia dada, nikidhani yeye atasema neno. Akatikisa kichwa kidogo tu, kama kuniambia acha.

Nikaacha. Walikuwa wateja, walipiga kura, wengi wakashinda. Nikaandika tokeni ya msimu mzima.

Na ilifanya kazi, hilo nalo lisemwe. Mkulima akipima, anapata ujumbe: kahawa yako imepokelewa, daraja fulani. Watu wa kikundi cha Mbuji wakasikia, wakatuma mtu kuangalia. Litumbandyosi nako wakaniita. Mwenye duka, aliyekuwa ananiambia siku zote kwamba nachezea muda wake, akaanza kunitambulisha kwa wateja kama injinia. Mimi! Nikanunua begi la laptopu.

Kuelekea mwisho wa msimu mwenyekiti akanipigia. "Njoo na mashine yako, kamati iko mtamboni." Nilipanda bodaboda nikiwa na tai moyoni. Nilidhani wananipa barua ya shukrani.

Nikafika, shikamooni, marahaba, nikapewa kiti. Dada alikuwa kwenye mizani, pembeni kidogo, anafuta mikono kwenye kitenge. Mwenyekiti akaniuliza vizuri, kwa upole ule ule:

"Injinia wetu. Mtu akibadilisha daraja la kahawa baada ya kupima, mfumo wako unajua?"

"Unajua," nikasema.

"Unajua ni nani?"

"Unajua. Mfumo wangu haumfichi mtu."

Ndivyo nilivyojibu. Kwa kifua. Akasema fungua basi tuone, kuna kahawa za wanachama wa ng'ambo ya mto zimegeuka kuwa daraja la pili, na nyingine zimepanda kuwa la kwanza bila kupita kwenye mizani. Nikafungua. Nikateremka kwenye rekodi nilizokuwa nimezishusha kabla ya kuondoka mjini, kidole kwenye kioo, na kwa sababu nina haraka ya kila kitu nikasoma kwa sauti kabla macho hayajamwambia moyo. Nikasoma jina la dada yangu.

Mashine ya kumenya ilikuwa imezimwa, maji tu yanapita kwenye mfereji.

Dada akasema, "Mimi?"

Aliniuliza mimi. Hakumwangalia mwenyekiti.

Nikaangalia siku. Ilikuwa siku ya msiba wa jirani yake mwenyekiti, mchana. Nikaruka kwenye kiti. "Siku hii dada alikuwa jikoni msibani! Si nyote mlimwona? Alikuwa anasonga ugali!"

"Tulimwona," mwenyekiti akasema. "Na simu yake tunaiona kwenye mashine yako."

"Simu ilikuwa kwako! Kwenye beseni!"

"Kwangu kulikuwa na waombolezaji nyumba nzima, mwanangu. Unataka kusema nani?"

Sikuwa na nani. Mpaka leo sina. Nina mtu ninayemdhania, na usiku na mchana namdhania, lakini tokeni haina uso. Mtu yeyote aliyeingia sebuleni pale kupumzisha miguu aliweza kuichukua simu ya dada yangu, isiyo na kufuli, yenye kadi ya msimu mzima ndani, akakaa kwenye kochi akabonyeza, akairudisha kwenye viazi. Seva yangu ikaona muhuri, ikaona ni halali, ikaandika jina. Ilifanya kila kitu nilichoiambia ifanye.

Wakasema jambo litapelekwa kwa wanachama wote, Jumapili baada ya misa.

Siku zile zilizobaki sikuchapa kadi ya mtu. Nilikuwa nakwenda huku na huku dukani nikijibu watu ovyo. Dada nilimpigia, akapokea mtu mwingine, nikakumbuka kwa nini, nikataka kuivunja simu yangu. Alipopatikana alisema kitu kimoja tu: "Jumapili usije na hasira. Njoo useme mfumo umekosea, tuishie hapo."

"Haujakosea, dada."

"Sema umekosea."

"Nikisema umekosea watu wa Mbuji hawanitaki tena."

Halafu akasema, "Haya." Na simu ikakatika, au aliikata.

Ile "haya" ndiyo iliyonifanya nifanye nilichofanya. Nikasema Mbuji na waende, Litumbandyosi na waende, mimi na begi langu la laptopu twende zetu, lakini huyu mtu aliyenibeba mgongoni hataitwa mwizi kwa kitu nilichokiandika mimi.

Jumapili watu walikuwa wengi kuliko misani. Tulikaa kwenye nyasi nje ya kigango. Mwenyekiti alieleza, vizuri, bila kumtukana mtu. Akasema karani wetu ni mama mwema, ila mashine imesema. Watu wa ng'ambo ya mto wakaanza. "Huyu mama tulimwamini!" "Mimi kahawa yangu niliichambua tunda kwa tunda, ikawaje ya pili?" Kuna baba alisimama akasema maneno kuhusu wake za Wanyasa ambayo siyarudii, na kama dada asingenishika suruali ningemfikia.

Nikasimama. Nikasema, "Baba mwenyekiti, shikamoo. Naomba simu yako."

"Ya nini?"

"Wewe unayo kadi pia, si unaidhinisha mafungu? Naomba tu. Huku simu hazifungwi."

Wengine wakacheka, akaona aibu kukataa, akanipa. Pale ni kwenye msalaba, mtandao upo. Nikabonyeza mara chache. Nikamrudishia. Halafu nikasema kila mtu aangalie ujumbe wake.

Simu zikaanza kulia kwenye nyasi pale, mifukoni, kwenye vikapu, kwenye khanga. Kahawa yote ya wanachama wote, daraja la pili. Imeidhinishwa na mwenyekiti.

"Haya," nikapiga kelele, "nani kawaibia? Mashine imesema! Mashine imesema ni mwenyekiti! Mkamateni!"

Nilidhani wataelewa. Niliona kwenye nyuso za wachache kwamba wameelewa. Yule bibi wa kadi alikuwa ameweka mkono mdomoni, anatikisa kichwa. Nikarudisha madaraja yote palepale, nikaeleza tena: tokeni haimjui mtu, inaijua kadi, niliwaambia siku ya kwanza, mkataka msimu mzima, mkakataa kufunga simu. Nilikuwa nimeshinda. Kwa dakika kadhaa nilikuwa nimeshinda kabisa.

Halafu yule baba wa maneno ya Wanyasa akauliza, hata hakusimama.

"Kwa hiyo kijana, wewe unaweza kubadilisha kahawa yangu wakati wowote?"

"Mtu yeyote mwenye simu ya—"

"Sijauliza mtu yeyote. Wewe. Ukiwa Mbinga kwenye duka lako, bila simu ya mtu. Unaweza?"

Ningeweza kudanganya. Watu wengine wana huo mwendo wa kufikiri kwanza. Mimi nilisema, "Seva ni yangu, naweza, lakini—"

Hiyo "lakini" hakuna aliyeisikia. Walisimama wote. Dada yake ndiye karani, yeye ndiye mwenye mashine! Ndugu wawili! Kumbe walipanga! Nilikuwa nimewaonyesha kwa mkono wangu jinsi wizi unavyofanyika, mbele ya kanisa, haraka, bila kutoka jasho, na walichokiona siyo kwamba mtu yeyote anaweza. Walichokiona ni kwamba mimi najua.

Mwenyekiti alinyoosha mikono, akatuliza watu, akatuokoa kipigo. Hilo nalo linaniuma, kwamba ni yeye. Akasema kwa ajili ya amani karani apumzike, na mfumo upumzike.

Tulishuka na dada ile njia ya mawe. Nikawa naongea, naongea, nitakata rufaa wilayani, nitatafuta alama za vidole, sijui nini. Alikuwa mbele yangu. Aligeuka mara moja tu.

"Asubuhi walikuwa wanafikiri mimi mwizi," akasema. "Wengine walikuwa hawaamini. Sasa wameamini wote."

"Nilikuwa nakutetea!"

"Najua. Ungenyamaza."

Dada na mumewe hawakumaliza hata mvua za mwanzo pale. Alikiacha kipande cha baba, kahawa ikiwa na maua, wakateremka na shemeji na watoto kwenda Kihagara kwa wakwe. Mimi nilibaki mjini na kadi zangu. Nilitengeneza mfumo mwingine, mzuri kuliko ule, tokeni inakufa haraka na kila jambo kubwa linadai namba ya siri upya, palepale, hata bila mtandao. Wanautumia watu wa mbali ambao hawajui mambo haya. Huku kwetu hakuna anayenipigia.

Kikundi walitafuta mtu mwingine kutoka Songea, mwenye cheti. Nilipita mtamboni nikitokea kuangalia kaburi la mama, nikaona alichowawekea. Akaunti moja. Watu wote, akaunti moja, na neno la siri limeandikwa kwa mkaa ukutani, juu ya mizani, herufi kubwa ili hata wasioona vizuri wasome. Nilisimama pale nikihisi kichwa kinataka kupasuka. Karani mpya akanisalimia, akaniuliza kama nataka kupima.

Ndiyo habari niliyompelekea dada nilipokwenda kumwona ziwani. Alikuwa anaanika usipa, dagaa wa kule, kwenye vichanja, mikono imeng'aa magamba, na mashemeji wanapita wanatusalimia kwa Kinyasa. Nikamsimulia kwa kelele. Ukutani, dada! Kwa mkaa! Nikitegemea angalau acheke.

Aligeuza usipa na viganja vyake, upande mwingine, taratibu, kama alivyokuwa anachambua kahawa.

"Hiyo nzuri," akasema. "Haimtaji mtu."

Nikasema basi nipige picha na watoto, nikatafuta simu yangu, imeisha chaji. Simu yake ilikuwa juu ya jiwe, karibu yangu. Nikaichukua kama tulivyozoea. Kioo kikawaka, kikaniletea vile vidoti tisa vya kuchora alama ya siri.

"Umeifunga?"

"Nimeifunga."

"Na watu wa hapa wanasemaje?"

"Wanasema nina mwanaume." Akaendelea kugeuza usipa. "Wifi zangu hawaniazimi hata kinu."

Nikamnyooshea ile simu. "Haya, nichoree basi alama yako. Nipige picha."

Akafuta mikono kwenye kitenge, akainyoosha, akaichukua simu kwangu. Akanipa mgongo kidogo, bega likakinga kioo, akachora. Halafu akageuka akaniinulia simu usawa wa uso.

"Simama na watoto," akasema. "Napiga mimi."